Kipimo cha Kumbukumbu kwa Mzee Anayetumia Dawa za Demensia

Mzee aliyeanza kupatwa na demensia, yaani ugonjwa wa usahaulifu, anapopewa dawa, familia hutarajia kumbukumbu irudi. Miezi mitatu ikipita naye angali anasahau, dawa huweza kuachwa. Uamuzi huo unaweza kuwa kosa. Dawa kama donepezili haziponyi. Kwa baadhi ya wagonjwa hupunguza makali ya dalili kwa muda. Kwa kuwa ugonjwa wenyewe hushusha uwezo mwaka hata mwaka, alama zisizoshuka zinaweza kuwa ndiyo faida ya dawa.

Kipimo chenyewe

Utafiti wa wilayani Hai, mkoani Kilimanjaro, uliotangazwa mwaka 2013, ulikadiria kuwa takriban watu 6 kati ya 100 wenye umri wa miaka 70 na zaidi walikuwa na demensia. Huko huko kiliandaliwa kipimo kifupi kiitwacho IDEA, kisichodai kujua kusoma. Mzee huulizwa siku ya juma na jina la kiongozi wa kijiji, hutaja wanyama kwa dakika moja, hukumbuka maneno aliyosomewa, na hupanga njiti za kiberiti kwa kufuata mfano. Huulizwa pia daraja ni nini. Mkazi wa Kibiti aliyevuka Daraja la Mkapa katika Mto Rufiji hahitaji darasa ili kujibu.

Kipimo hicho hubaini anayehitaji uchunguzi zaidi. Kufuatilia dawa ni kazi nyingine, nayo ina kanuni zake.

Kanuni za ufuatiliaji

1. Alama za kwanza zichukuliwe kabla ya dawa kuanza. Bila hizo hakuna cha kulinganisha.
2. Kipimo kiwe kile kile kila mara, na mzee alinganishwe na nafsi yake, si na jirani.
3. Mzee apimwe akiwa mzima na ametulia. Malaria, usikivu hafifu, huzuni au uchovu wa safari ya mashua kutoka visiwa vya delta hushusha alama. Aliyelazimika kuondoka usiku kufuata maji kujaa apumzishwe kwanza.
4. Alama zisiamue peke yake. Anayeishi naye aeleze: je, bado anavaa mwenyewe, anahesabu chenji, anaijua njia ya shambani?

Wajibu wa familia

Familia inashauriwa kuandika katika daftari tarehe, alama na mabadiliko ya nyumbani, na kulibeba daftari hilo kila ziara ya kliniki. Kichefuchefu, kuhara, kukonda au kuzirai ni madhara yanayopaswa kuripotiwa mapema. Dawa isiachwe ghafla wala kuongezwa bila ushauri wa mtaalamu, kwani uwezo uliopotea baada ya kuiacha huenda usirudi wote hata ikianzwa upya.