Jiko Lililoingia Sebuleni

Nyumba ya Kiswahili ya Kariakoo, Magomeni au Ilala ilikuwa na mahali maalumu pa kupikia. Unaingia kwa mlango wa mbele, unapita ukumbi wenye vyumba kushoto na kulia, na nyuma kabisa unatokea uani. Huko ndiko kulikopikwa, kulikooshwa vyombo, kulikokunwa nazi na kuparuliwa samaki. Mgeni aliyeketi barazani hakuona hata mwiko. Moshi wa kuni na mkaa ndio uliolazimisha hivyo, na heshima ya wenye nyumba ikapata hifadhi humo humo.

Gesi na umeme viliporahisisha upishi wa ndani, jiko likaanza kusogea. Leo, katika fleti nyingi na nyumba mpya, limefika sebuleni: kaunta moja ndiyo mpaka kati ya kochi na sinki, na pengine hata hiyo haipo. Wanaopanga chumba kimoja cha kisasa Nairobi wanapika, wanakula na kulala ndani ya kuta nne zile zile. Mpangilio huu una mazuri yake. Anayepika hatengwi na mazungumzo, mtoto anafanya kazi za shule kwenye kaunta huku anaangaliwa, na eneo dogo linaonekana pana. Tatizo ni kwamba hodi ikipigwa hakuna mlango wa jiko wa kurudishia. Sufuria yenye ukoko, maganda ya ndizi na ndoo ya maji machafu, vyote mgeni anaviona kabla hajaketi.

Wengi hutafuta dawa dukani: kabati jingine, vikapu, mitungi ya vioo yenye mifuniko ya mbao. Vifaa hivyo husaidia, lakini nionavyo mimi jiko la wazi huwa nadhifu pale linaporudishiwa uani wake. Maana yake ni kuamua ni kazi zipi zenye fujo, maji na harufu hazitafanyika kabisa mbele ya sebule, kisha kuzitafutia mahali pengine.

Anza na kazi zinazoweza kubaki sokoni. Pale Soko la Samaki la Feri, Dar es Salaam, kuna watu ambao kazi yao ni kuparua na kutumbua samaki, na wengine wanakukaangia kabisa. Ujira wao ni mdogo ukilinganisha na magamba yanayorukia kochi na harufu inayokaa kwenye mapazia siku mbili. Nazi hukunwa kwa mashine sokoni. Kuku anauzwa akiwa ameshanyonyolewa na kukatwa vipande, kisamvu kinauzwa kikiwa kimetwangwa, na mama mboga wa Nairobi anakukatia sukuma wiki hapo hapo kibandani ukimwomba. Ukirudi na chakula kilichokwisha kuandaliwa, umeliondolea jiko nusu ya uchafu wake kabla hujawasha moto.

Zinazobaki zipelekwe kwenye kibaraza cha nyuma au balkoni, hata kama ni ya hatua mbili tu. Hapo ndipo pa kinu na mchi, beseni la kuoshea mboga zenye udongo, fagio, dekio, madumu ya maji ya akiba na pipa la taka. Wa ghorofani wakunje mkeka na kuuweka chini ya kinu, maana jirani wa chini anasikia kila pigo. Ikiwa huna balkoni, tenga kona moja isiyoonekana ukiwa umeketi kwenye kochi. Kaa kwenye kochi hilo na utazame jikoni kwa macho ya mgeni. Utagundua kwamba sehemu inayoonekana ni ndogo kuliko ulivyodhani, na hiyo ndiyo ya kuilinda kwanza.

Jiko la mkaa lina kanuni yake, na hii naisema kwa msisitizo. Watu hulibakiza kwa ajili ya maharage, makongoro au kuchoma mahindi, na mvua ikinyesha hujaribiwa kuliingiza ndani. Mkaa unaowaka hutoa gesi ya sumu isiyoonekana wala kunukia, na ndani ya nyumba ambayo jiko na sebule ni chumba kimoja, hewa ya mpishi ndiyo hewa ya wote waliokaa humo. Jiko la mkaa lisivuke kizingiti, hata likiwa limebaki makaa mekundu tu. Kufungua dirisha moja hakutoshi kulifanya salama.

Sasa kaunta. Hiyo ndiyo inayoamua kama nyumba itaonekana nadhifu, kwa sababu jicho hutua hapo kwanza. Kibaki juu yake kile tu kinachotumika kila siku: birika la umeme, pengine jagi la maji na bakuli la matunda. Blenda inayotumika Jumamosi ikae kabatini hadi Jumamosi. Upande unaotazama sebule uachwe mtupu kabisa. Chupa ya chai, vikombe na sukari viwekwe kwenye sinia moja, ili vikihitajika sebuleni sinia lihame zima na lirudi zima. Adui mkubwa wa kaunta, hata hivyo, ni vitu visivyo vya jikoni: funguo, chaja, risiti za umeme wa LUKU, dawa za kikohozi, madaftari. Vitu hivi hutua hapo kwa sababu kaunta ndiyo meza ya kwanza mtu anayoikuta akiingia. Weka kikapu kidogo na ndoano kando ya mlango wa kuingilia. Ndoano moja iwe ya mifuko mbadala na vikapu, maana tangu mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ilipopigwa marufuku Tanzania Bara Juni 2019, kila nyumba imelimbikiza mifuko ya kitambaa isiyo na mahali pa kukaa.

Kichanja cha vyombo kinafuata. Katika jiko la uani kilikaa juani na hakikumkera mtu. Kwenye jiko la wazi, sahani na vijiko vilivyorundikwa vinakuwa pambo la sebule. Kama unaweza, kichanja kiwe ndani ya kabati la juu ya sinki, lisilo na sakafu, ili maji yadondokee sinkini. Kama huwezi, nunua kidogo kwa makusudi. Kichanja kikubwa hugeuka kabati la kudumu, wakati kidogo kinakulazimisha kufuta vyombo na kuvirudisha mahali pake.

Kuosha vyombo kuendane na kupika. Wali ukishakauka maji na kufunikwa, una takribani robo saa ya kuuacha uive kwa mvuke; huo ni muda wa kutosha kuosha ubao wa kukatia, kisu, bakuli la tui na sufuria ya mboga. Ukipakua, sinki linakuwa tayari tupu, na zinabaki sahani za kulia tu. Chakula kilichobaki kisiachwe mezani hadi usiku. Ushauri wa Shirika la Afya Duniani ni kwamba chakula kilichopikwa kisikae kwenye joto la kawaida la chumba zaidi ya saa 2, na joto la Dar es Salaam au Mombasa linawafaa sana bakteria. Kitambaa cha kufutia kioshwe, kikamuliwe na kuanikwa kila jioni. Kitambaa chenye unyevu kilichofinyangwa pembeni ya sinki kinanuka, na kila unapofutia kaunta unapaka uchafu upya. Mende nao hutoka usiku kutafuta maji na makombo. Sinki kavu ni kinga bora kuliko dawa ya kupuliza.

Nafaka zinahitaji nidhamu ya namna yake. Gunia la mchele na dumu la mafuta la lita 20 visikae jikoni. Viende stoo, au chini ya kitanda cha chumba cha ziada, na jikoni kibaki kiasi cha wiki moja. Tumia ndoo zinazofunga kabisa, na kabla ya kuongeza unga mpya malizia wa zamani na uoshe ndoo, la sivyo wadudu wa zamani wanarithi chakula kipya. Vyombo vya kuhifadhia vinavyofanana, hata kama ni makopo ya aiskrimu yaliyooshwa na kuandikwa majina, vinatuliza macho kuliko mchanganyiko wa vyombo vya bei ghali. Iliki, mdalasini, karafuu na bizari visiwekwe juu ya jiko, ambako mvuke na joto huvipunguzia harufu. Droo iliyo mbali kidogo na moto inafaa zaidi. Kuhusu rafu za wazi zinazopendeza kwenye picha, simshauri mtu anayekaanga kila siku kuzijenga. Mafuta hupanda na mvuke, vumbi hushika juu yake, na baada ya mwezi kila glasi inanata.

Harufu na mafuta ndiyo mambo ambayo kabati halitibu. Feni ya kufyonza moshi inayotoa hewa nje kwa bomba ni bora kuliko ile inayochuja na kuirudisha hewa ndani. Zote mbili zinahitaji chujio lioshwe mara kwa mara, kwani lililojaa mafuta halivuti tena na linaweza kushika moto. Asiye na feni hiyo afungue madirisha mawili yanayotazamana kabla ya kuanza kukaanga. Feni ya dari ya sebuleni ipumzishwe wakati wa kupika: inasambaza moshi hadi kwenye mito ya kochi na kuyumbisha moto wa gesi.

Mtungi wa gesi nao watu huuficha kabatini ili usionekane, na hapo unadhifu unaweza kugeuka hatari. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa. Ikivuja hutulia chini na kujikusanya ndani ya kabati lililofungwa. Mahali pazuri pa mtungi ni nje, mpira ukipitia ukutani ndani ya bomba la kuukinga. Ukilazimika kuwa ndani, usimame wima katika kabati lenye matundu ya hewa upande wa chini. Paka povu la sabuni kwenye maungio kila unapobadilisha mtungi. Mapovu yakivimba, gesi inavuja. Ukisikia harufu yake usiguse swichi yoyote: funga mtungi, fungua madirisha, toka nje.

Usafi wa kaunta hutegemea pia jiwe lake. Marumaru na terazo huliwa na limau, siki na ukwaju, zikaacha mabaka yasiyotoka. Graniti huvumilia zaidi. Manjano hutia doa kwenye kaunta nyeupe ndani ya dakika chache, basi ifute mara moja.

Kanuni zote hizi haziwezi kubebwa na mtu mmoja, wala si haki kumwachia dada wa kazi peke yake. Baba anayekunywa chai saa 4 usiku aoshe kikombe chake, na mtoto wa miaka 7 anaweza kabisa kufuta meza. Na siku ya shughuli kubwa, futari ya watu 20 au sherehe ya arobaini ya mtoto, usilitese jiko hili. Omba ua wa jirani au wa ndugu, pikia huko, na chakula kiletwe kikiwa kwenye hotipoti.

Kwa unayejenga, au unayesubiri fundi aanze ukarabati, omba mambo manne yawe kwenye ramani: ukingo wa kaunta uliopanda sentimita 15 hadi 20 upande wa sebule ili kuficha vyombo vya kazi; tundu la bomba la feni ya moshi; stoo, hata ya mita moja ya mraba; na mlango wa kutokea nyuma. Mlango huo ni mstari mmoja tu wa penseli leo. Baada ya vigae kubandikwa na makabati kufungwa, utakuwa ukuta wa kubomoa. Zungumza na fundi wako kabla hajachanganya zege.