Dondoo muhimu: Mitungi miwili ya mkaa wa mifupa

Kwanza pima. Kisima cha Binza au Bariadi mjini hakihitaji kichujio mpaka maabara ikuonyeshe floraidi imezidi miligramu 1.5 kwa lita, kikomo cha Shirika la Afya Duniani. Kuchemsha hakuondoi floraidi. Maji yakipungua, inazidi kukolea.

Mkaa wa mifupa ya ng'ombe, unaotumiwa na kituo cha utafiti wa kuondoa floraidi cha Ngurdoto, Arusha, huinasa floraidi. Ng'ombe Usukumani si haba, ila tanuri ndiyo kazi. Mfupa uliochomwa vizuri ni mweusi au wa kijivu. Ukiwa mweupe umeungua kupita kiasi na hunasa kidogo, na usipoiva maji yatanuka. Chekecha vumbi, linaziba.

Wengi hupoteza mkaa kwa kutumia mtungi mmoja na kuumwaga wote floraidi inapoanza kupenya, ingawa sehemu iliyo karibu na mtoko bado ina nguvu. Unganisha miwili kwa mfululizo, maji yapande polepole kutoka chini yasijichimbie njia. Pima maji yanayotoka mtungi wa kwanza. Floraidi yake ikikaribia ile ya kisimani, badilisha mkaa wake tu, kisha sogeza wa pili uwe wa kwanza na huo mpya ukae nyuma. Mkaa uliochoka hukutana na maji makali, ulio mpya humalizia. Viwanda vinavyotenganisha sukari za aina mbalimbali hutumia kanuni hiyohiyo, kwa mitungi mingi na vali zinazojigeuza zenyewe.

Waulize majirani mapema kuhusu mifupa, wapo wasiokubali maji yaliyochujwa kwa mifupa.