Kumpokea Punda Aliyeokolewa: Somo la Uwakili



Katika sheria ya Musa, Kutoka sura ya 23, imeagizwa kwamba mtu akimkuta punda wa adui yake amelala chini ya mzigo, asimpite bali amsaidie. Agizo hilo lamhusu aliye njiani: mzigo watuliwa, mnyama asimama, na kila mmoja ashika njia yake. Leo twatazama hatua inayofuata. Je, ikiwa punda huyo hana tena wa kumtunza, nasi twataka kwenda naye nyumbani? Hapo huruma ya saa moja yageuka kuwa kazi ya miaka mingi.

Huko Ulaya wengi huchukua farasi waliookolewa. Kwetu farasi ni wachache, maana kuna maradhi yaletwayo na usubi ambayo huwaua upesi. Punda huyastahimili zaidi. Kwa hiyo somo letu ni juu ya punda.

1. Anatoka wapi?

Katika tambarare zilizo chini ya mlima wetu, punda hubeba maji, kuni na magunia ya mahindi. Kamba ikifungwa bila tandiko humchubua mgongo, na kidonda kikibebeshwa mzigo kila siku hakiponi. Akichakaa, mwingine huachwa tu ajitafutie.

Pia ilikuja biashara ya ngozi, ambayo huchemshwa ili kutengeneza dawa ya asili ya Kichina. Machinjio yalifunguliwa Shinyanga na Dodoma. Punda jike hubeba mimba mwaka mzima na huzaa mtoto mmoja, basi idadi yao haikuweza kufuatana na kisu. Desemba 2021 serikali yetu ilipiga marufuku uchinjaji huo, na Februari 2024 wakuu wa nchi za Umoja wa Afrika walikubaliana kuukataza barani kote.

Kabla ya kumpokea mnyama, tuhakikishe si wa wizi. Makabidhiano yaandikwe mbele ya mtendaji wa kijiji, na bwana mifugo aulizwe habari za kibali ikiwa atatoka wilaya nyingine.

2. Ataishi miaka mingapi?

Punda anayetunzwa vema huweza kuishi miaka 30 na zaidi. Mtu wa miaka 50 akimchukua punda wa miaka 5, atakuwa na miaka 75 punda akifikia 30. Ni nani atakayemtunza mzee huyo akishindwa kushuka bandani? Jina la mtu huyo lijulikane mapema, naye awe amekubali kwa kinywa chake. Punda wengi huokolewa mara moja, kisha mwenye huruma akifa wanauzwa na kurudi kwenye kamba ile ile.

Tena punda hapendi upweke. Wawili waliozoeana wakitenganishwa, aliyebaki aweza kukataa chakula, na punda asiyekula siku chache tu huingia katika hatari ya kufa. Basi anayemwazia mmoja awaze habari za wawili.

3. Mlimani si jangwani

Asili ya punda ni nchi kavu za Afrika. Manyoya yake hayazuii mvua kama ya farasi, na kwato zake hunyonya maji zikawa laini na kuoza. Kwetu Machame, Kibosho au Marangu, mvua ya masika hunyesha tangu Machi hata Mei, na njia za vihambani huwa tope tupu. Kwa hiyo hatuna budi kumjengea banda lenye paa zuri na sakafu iliyoinuliwa, pakavu pa kusimama na kulala. Kumfunga chini ya mgomba haitoshi.

4. Chakula na maji

Punda wa kilo 140 hula kiasi cha kilo 2 au 2 na nusu za chakula kikavu kwa siku. Nyasi kavu na mabua safi vyamfaa kuliko majani mabichi mengi. Akina mama wetu wanajua uzito wa mzigo wa nyasi kutoka tambarare. Tusiwaongezee mzigo huo bila kuwauliza.

Mahindi au pumba zilizoota ukungu asipewe kamwe, maana huharibu ubongo wake. Vyakula vingine vya dukani vya kuku na ng'ombe hutiwa dawa inayoweza kumwua. Maji safi awe nayo kila siku.

5. Vidonda na maradhi

Lugha yetu yenyewe imetuonya: ugonjwa unaoingia kwa kidonda twauita pepopunda, na kweli punda hupatwa nao upesi. Bwana mifugo aulizwe habari za chanjo, na dawa ya minyoo. Kwato zikatwe na fundi kila baada ya wiki 6 hadi 10.

Punda huficha maumivu. Akisimama kimya, kichwa chini, asile, tusiseme amechoka. Tumwite mganga wa wanyama siku hiyo hiyo. Chama cha ASPA kilichoko Arusha kimekuwa kikiwashughulikia punda, na chaweza kutoa shauri.

6. Je, afanye kazi?

Aliyepona aweza kubeba mzigo wa kadiri, akiwa na tandiko laini na siku za kupumzika. Aliyevunjika mgongo au miguu hatafanya kazi tena, lakini atakula vile vile. Anayempokea kwa kutumainia faida ajiulize atafanya nini faida isipopatikana. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inakataza ukatili, nayo haimtofautishi mnyama mwenye faida na asiye nayo.

Wahenga walisema shukrani ya punda ni mateke. Mara nyingi hupiga teke kwa sababu tumegusa palipouma. Atakayemtunza asingoje shukrani.

Tusio na nafasi

Kukataa kumpokea punda tusiyeweza kumtunza si ukatili. Nyumba kadhaa zaweza kushirikiana: huyu atoe banda, yule nyasi, mwingine alipe dawa. Na kila mmoja wetu aweza kumwonyesha jirani namna ya kushona tandiko la magunia, ili kidonda kisianze.

Maswali ya kujadiliana

1. Katika mtaa wetu, ni punda gani anayehitaji msaada sasa, na mwenyewe ahitaji msaada gani?
2. Nani angemrithi mnyama wetu, na je, tumemwuliza?
3. Ni lipi lililo jema zaidi kwetu: kumchukua punda, au kumsaidia anayemtunza?