Lebanoni: Viti Viligawanywa, Hesabu Haikurudiwa

Jina Lebanoni tunalijua kwa mierezi ya Biblia. Wengi wetu tulisikia redioni pia kwamba kule Wakristo na Waislamu wamepigana miaka 15, tukasema basi, ni ugomvi wa dini. Lakini ukichunguza utaona mambo mengine.

Serikali ya nchi hiyo ndogo inatambua madhehebu 18: Wamaroni (hawa ni Wakristo wenye ushirika na Roma), Waorthodoksi, Wasunni, Washia, Wadruzi na wengineo. Wakati wa utawala wa Wafaransa, mwaka 1932, watu walihesabiwa, na Wakristo wakaonekana kuzidi kidogo. Uhuru ulipokuja 1943 viongozi walipatana kwa mdomo tu. Rais awe Mmaroni, Waziri Mkuu awe Msunni. Kiti cha Spika kikazoeleka kuwa cha Mshia. Bungeni, kwa kila Wakristo 6 wakae Waislamu 5.

Siku ile mapatano hayo yalisaidia, tusiyadharau. Lakini watu huzaliwa, watu huhama. Washia wa kusini na wa bonde la Bekaa, wengi wao maskini, waliongezeka na kujaa vitongojini mwa Beirut. Je, viti vikabadilishwa? Hapana. Tangu 1932 serikali haijahesabu tena raia wote, maana kuhesabu upya ni kugusa kiti cha mtu! Hapo ndipo penye kiini cha somo.

Tena kulikuwa na wakimbizi wa Kipalestina toka 1948, na baadaye wapiganaji wao waliofukuzwa Jordan. Tarehe 13 Aprili 1975 wanamgambo Wakristo walishambulia basi la Wapalestina jijini Beirut, na vita vikalipuka. Syria ikaingia 1976, Israel 1978 na tena 1982. Inakadiriwa watu 150,000 hivi walikufa.

Sasa angalieni hili. Mwaka 1988 Washia wa Amal na Washia wa Hezbollah walipigana wao kwa wao. Mwaka 1990 jeshi la Jenerali Michel Aoun, Mmaroni, lilipigana na wanamgambo wa Samir Geagea, naye Mmaroni. Dini ni moja, sasa waligombania nini?

Mkataba wa Taif, Saudi Arabia, mwaka 1989, uligawa viti nusu kwa nusu. Tangu 1992 bunge lina viti 128, yaani 64 kila upande. Mkataba ulisema pia ugawaji wa siasa kwa dini uondolewe polepole. Haujaondolewa. Mwaka 2019 maelfu ya watu wa dini zote waliingia barabarani kuupinga.

Ya kuzungumza kikundini:
Kama mngekuwa Beirut mwaka 1943, mngegawa viti namna gani?
Aliyepewa kiti kwa hesabu ya zamani, nani atamwambia wakati umefika wa kuhesabu tena, na amwambie vipi?