Seti Inapofungwa Ghalani: Mambo ya Kukagua Kabla ya Kuikubali

Lengo la somo

Baada ya kulisoma somo hili, mlaji ataweza kueleza jinsi bidhaa zinavyoandaliwa na kufungwa pamoja ghalani, kutambua makosa yanayoweza kutokea katika hatua hizo, na kudai haki yake ushahidi ukiwa bado mkononi.

1. Ghala lisilo la muuzaji

Wauzaji wengi wa mtandaoni hawana duka wala stoo. Bidhaa zao huhifadhiwa na kampuni nyingine ambayo kazi yake ni kupokea mizigo, kuihesabu, kuipanga, kuifungasha na kuikabidhi kwa msafirishaji. Katika somo hili kampuni hiyo itaitwa mtoa huduma wa ghala. Amazon ya Marekani ilianza kuwatolea wauzaji wengine huduma ya namna hii mwaka 2006, na leo utaratibu huo umeenea katika nchi nyingi. Kwa hiyo mtu aliyeagiza kwa simu akiwa Mbeya anaweza kuletewa mzigo uliofungwa Dar es Salaam na watu ambao muuzaji mwenyewe hajapata kuonana nao.

Utaratibu huu una faida. Bidhaa hufika mapema, na mfanyabiashara mdogo huepuka gharama ya kupanga jengo. Hata hivyo, kati ya ahadi ya muuzaji na mlango wa mlaji kuna mikono mingi, na kila mkono unaweza kukosea.

2. Jinsi seti inavyoandaliwa

Seti ni bidhaa mbili au zaidi zinazouzwa pamoja kwa bei moja. Mfano ni seti ya mtoto mchanga yenye sabuni, mafuta, poda na pakiti ya nepi. Maandalizi yake huwa na hatua nne:

(a) Kupokea. Katoni hufunguliwa, bidhaa huhesabiwa, na idadi huingizwa kwenye kumbukumbu za ghala.

(b) Kukusanya. Mfanyakazi huchukua kila bidhaa kutoka rafu yake kwa kufuata orodha aliyopewa na muuzaji.

(c) Kufunga. Bidhaa huwekwa pamoja ndani ya boksi au mfuko wa plastiki, kisha hufungwa kwa gundi au lakiri.

(d) Kuweka lebo. Seti hupewa lebo moja ya nje yenye alama ya mistari inayosomwa na mashine. Kuanzia hapo ghala huitambua kama kitu kimoja.

Hatua ya mwisho ndiyo inayomhusu mlaji zaidi. Lebo ya nje ikishabandikwa, wafanyakazi wanaofuata husoma lebo hiyo peke yake. Iwapo poda ilisahauliwa ndani, mashine haitajua. Itaonesha kwamba seti moja imetoka na seti moja imefika. Kosa lililofungiwa ndani husafiri bila kuonekana hadi mikononi mwa mnunuzi.

Kinyume chake pia hutokea. Ikiwa alama ya bidhaa moja ya ndani inaonekana kupitia plastiki, mashine inaweza kuisoma hiyo badala ya lebo ya seti, na seti nzima ikaandikwa kuwa ni sabuni moja tu. Ndiyo maana Amazon huwataka wauzaji wazifunike alama za ndani na waandike juu ya mfuko kwamba vitu hivyo ni seti na visitenganishwe. Mlaji akipokea mfuko wenye maandishi ya aina hiyo uliochanwa na kufungwa tena, anayo sababu ya kuuliza.

3. Makosa manne ya kuangaliwa

Upungufu. Kitu kimoja hakimo, au idadi yake haifiki ile iliyotangazwa.

Mbadala usiokubaliwa. Bidhaa iliyotangazwa iliisha rafuni, ikawekwa nyingine ya chapa au ujazo tofauti. Mafuta ya mililita 100 si sawa na ya mililita 200, hata kama chupa zinafanana.

Tarehe zinazotofautiana. Seti haina umri mmoja. Kila bidhaa ndani yake ina tarehe yake ya mwisho wa matumizi. Kanuni ya kukumbuka ni hii: seti inaishi kwa muda wa bidhaa inayotangulia kuisha. Lebo ya nje yenye tarehe ya mbali haitoi uhakika wowote ikiwa mafuta yaliyomo ndani yanakwisha muda mwezi ujao. Kwa vyakula, vipodozi na vitu vya watoto, kosa hili linaweza kudhuru afya.

Bidhaa iliyowahi kurudishwa. Mzigo uliokataliwa na mnunuzi mmoja unaweza kurudishwa rafuni na kuingizwa katika seti mpya. Dalili zake ni mfuniko uliolegea, utando wa ndani uliotoboka, gundi iliyobandikwa mara mbili, au kifaa cha umeme chenye alama za kutumika.

4. Je, seti ni nafuu kweli?

Neno “ofa” halithibitishi unafuu. Tuseme sabuni inauzwa shilingi 3,000, mafuta 6,500, poda 4,000 na nepi 12,000. Jumla yake ni shilingi 25,500. Seti ikitangazwa kwa shilingi 24,000, mlaji ameokoa 1,500. Ikitangazwa kwa 27,000, amelipa 1,500 zaidi kwa ajili ya boksi na utepe. Gharama ya usafirishaji ihesabiwe pia. Aidha, ujazo na uzito wa kila kitu ulinganishwe na ule wa dukani, kwa kuwa baadhi ya seti hutengenezwa kwa vipimo vidogo.

5. Sheria inasemaje

Mkataba wa mlaji ni kati yake na muuzaji aliyempokea fedha. Mtoa huduma wa ghala ameajiriwa na muuzaji, si na mnunuzi. Kwa hiyo jibu la “ghala ndilo lililokosea” halimwondolei muuzaji wajibu wake. Wao watamalizana wenyewe.

Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 214, inataka bidhaa iliyouzwa kwa maelezo iwiane na maelezo hayo. Idadi ikiwa pungufu, mnunuzi anaweza kukataa mzigo. Akiukubali, atalipia kile alichopokea kwa bei ya mkataba. Bidhaa zilizoagizwa zikichanganywa na zisizoagizwa, anaweza kupokea zile alizoziagiza na kukataa nyingine, au kukataa zote. Ambaye hakuwa ameiona bidhaa kabla hahesabiwi kuwa ameikubali mpaka apate nafasi ya kutosha kuikagua. Lakini akikaa nayo kwa muda mrefu kupita kiasi bila kusema neno, atahesabiwa kuwa ameikubali. Ucheleweshaji humgharimu mlaji.

Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 nayo inaeleza kwamba ujumbe wa kielektroniki hauwezi kukataliwa kuwa ushahidi kwa sababu tu ni wa kielektroniki. Picha ya tangazo, mazungumzo ya simu yaliyoandikwa na risiti ya malipo vina thamani. Visifutwe.

6. Hatua za kufuata

Kabla ya kulipa: hifadhi picha ya tangazo inayoonesha vilivyomo, idadi, ujazo na bei. Muulize muuzaji kwa maandishi: “Nani hufunga seti hii, na kikikosekana kitu nitarudishiwa nini?”

Wakati wa kupokea: kagua boksi kabla ya kutia saini. Likiwa limechanika au kulowa, andika hali hiyo kwenye karatasi ya msafirishaji, au mwombe aliyeleta ashuhudie likifunguliwa.

Wakati wa kufungua: piga picha ya lebo ya nje, kisha rekodi video ukilifungua boksi bila kukata. Hesabu vitu kwa kufuata tangazo, usitegemee karatasi iliyomo ndani pekee, kwani karatasi hiyo huweza kuwa na kosa lilelile. Soma tarehe na namba ya toleo ya kila bidhaa.

Ukigundua kosa: usiitumie bidhaa. Mwandikie muuzaji siku hiyohiyo, taja namba ya oda na kasoro, ambatanisha picha, na useme unachotaka: kukamilishiwa, kubadilishiwa au kurudishiwa fedha. Usitupe boksi wala lebo, kwa maana ndizo zinazoliwezesha ghala kufuatilia mahali kosa lilipoanzia.

7. Pa kupeleka malalamiko

Muuzaji asiporidhisha, lalamiko hupelekwa kulingana na aina ya kosa. Tume ya Ushindani, iliyoundwa chini ya Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, hushughulikia matangazo ya udanganyifu na bidhaa bandia. Shirika la Viwango Tanzania husimamia ubora na usalama, yakiwemo masuala ya vyakula na vipodozi. Wakala wa Vipimo hushughulikia uzito, ujazo na idadi ya bidhaa zilizofungashwa.

8. Zoezi

Mnunuzi ameagiza seti ya mtoto mchanga. Ameletewa sabuni, nepi na mafuta ya chapa nyingine, poda haimo. Lebo ya nje inaonesha tarehe ya mwisho wa matumizi ni miaka miwili ijayo, bali sabuni inakwisha muda baada ya wiki tatu.

(a) Taja makosa matatu yaliyotokea, na hatua ya ghalani ambako kila moja lingeweza kuzuiwa.
(b) Je, seti hii inaishi kwa muda gani?
(c) Muuzaji amemjibu awasiliane na ghala. Andika, kwa sentensi zisizozidi tano, barua ambayo mnunuzi angemrudishia.