SOMO LA MWEZI: YAKOBO ALIUAWA, PETRO AKAFUNGULIWA

Soma kwanza: Matendo ya Mitume 12:1–23



Mwezi huu twataka kuzungumza juu ya neno linalosemwa karibu katika kila msiba, nalo ni hili: "Kazi ya Mungu haina makosa." Twalisema sote, na twalisema kwa nia njema, maana mbele ya jeneza maneno huwa machache na mtu hushika lililo karibu. Lakini hivi karibuni, hapa mtaani kwetu, lilisemwa mahali ambapo lilitushtua.

Tulikwenda kumzika kijana aliyegongwa na gari alipokuwa akitembea kando ya barabara, akirudi kutoka kazini. Dereva alikuwa amelewa. Breki za gari lile zilijulikana kuwa mbovu, na mwenye gari alikwisha kuambiwa zaidi ya mara moja. Watu wanne walisimama kutoa rambirambi, na wote wanne walisema ya kwamba kazi ya Mungu haina makosa. Baada ya maziko mama wa marehemu, akiwa amekaa mkekani, akatuuliza: "Ikiwa hii ni kazi ya Mungu, yule dereva amekosa nini? Na mimi sasa nimwombe nani, ikiwa yule niliyemwomba amlinde mwanangu ndiye aliyemwua?"

Siku ile hakuna aliyemjibu. Somo hili ni jaribio la kumjibu, nasi twakiri ya kwamba limechelewa.

Tufungue basi Matendo ya Mitume, sura ya 12. Watu wengi huikumbuka kwa ajili ya Petro na malaika. Wachache hukumbuka ya kwamba inaanza na mauaji. Mfalme Herode Agripa alimwua Yakobo, ndugu yake Yohana, kwa upanga. Luka anatupa habari hiyo katika mstari mmoja tu, kisha anaendelea na safari yake. Herode alipoona ya kwamba jambo hilo limewapendeza watu, akamkamata na Petro, akamtia gerezani chini ya vikosi vinne vya askari wanne wanne, yaani watu 16 kumlinda mvuvi mmoja. Usiku wa mwisho malaika akaja, minyororo ikaanguka, lango la chuma likafunguka lenyewe, na Petro akatoka nje.

Hawa wawili walikuwa wavuvi wa ziwa moja. Wote wawili walikuwa pamoja na Bwana mlimani alipogeuka sura, na wote wawili walikuwako Gethsemane. Adui yao alikuwa mfalme yule yule. Mmoja akafa na mwingine akaokoka. Kwa nini?

Watu wengine hujibu upesi: kanisa lilimwombea Petro, wala halikumwombea Yakobo. Luka hasemi hivyo. Nasi hatuwezi kuamini ya kwamba mama yao wana wa Zebedayo, yule aliyethubutu kumwendea Yesu na kuwaombea wanawe viti vya kuume na kushoto (Mathayo 20:20), alikaa kimya mwanawe alipokuwa mikononi mwa Herode, kama alikuwa hai bado.

Wengine husema ni imani: waliomwombea Petro waliamini sana. Je, ni kweli? Tusome tena mstari wa 13 hadi wa 16. Petro anabisha mlangoni kwa Mariamu, mama yake Yohana Marko, ambako wengi wamekusanyika wakiomba. Kijakazi Roda anaitambua sauti yake, anakimbia ndani kuwaambia, nao wanamwambia ana wazimu. Anapozidi kusema ni kweli, wanasema labda ni malaika wake. Walikuwa wakimwomba Mungu usiku kucha amtoe Petro, na Petro alipotoka hawakusadiki! Basi imani iliyomfungua ilikuwa imani ndogo, ya watu waliochoka na kuogopa. Wako wahubiri siku hizi wanaowaambia wazazi waliofiwa ya kwamba mtoto angepona kama wangaliamini zaidi. Hatuwezi kuliita neno hilo kwa jina jingine ila ukatili, na sura hii haiwaungi mkono hata kidogo.

Sasa tuangalie jambo ambalo sisi tulilisoma mara nyingi bila kuliona. Malaika alifungua nini? Alifungua minyororo na lango la chuma. Moyo wa Herode hakuufungua. Asubuhi Herode alikuwa Herode yule yule wa jana: aliwahoji walinzi, akaamuru wauawe (mstari wa 19). Hatukumbuki kusikia hata mahubiri moja juu ya askari hao. Walikuwa na mama zao wao pia. Chuma hakina hiari. Mungu akikiambia kifunguke, hufunguka. Mwanadamu ameumbwa na hiari, na Mungu humwita, humwonya, humsihi, lakini hamgeuzi kuwa chuma.

Mbuzi aliyefungwa kamba hasifiwi kwa kutokula mahindi ya jirani. Kama Mungu angetufunga kamba sote, pasingekuwa na dhambi, wala pasingekuwa na upendo, maana upendo wa kamba si upendo. Mafundisho mengi juu ya hiari huishia hapo, na ndiyo maana hayamsaidii mama yule wa mkekani. Kamba isipokuwepo, mahindi yanayoliwa ni ya jirani. Dereva ndiye aliyechagua kulewa, na kijana wetu ndiye aliyelipa. Herode alichagua, Yakobo akalipa. Mtu asiyeona uzito wa jambo hilo ni afadhali asifundishe juu ya hiari hata kidogo.

Hatuna hoja ya kuuondoa uzito huo. Tunalo neno moja la kusema, nalo ni ya kwamba Mungu mwenyewe amesimama upande wa wanaolipa. Yuda alichagua, Pilato alichagua, na Mwana wa Mungu akalipa. Bwana alisema ya kwamba angeweza kumwomba Baba majeshi ya malaika zaidi ya kumi na mawili (Mathayo 26:53), wala hakuyaomba. Lango lile la chuma lililofunguka kwa ajili ya Petro halikufunguka kwa ajili ya Yesu.

Jambo hili si la zamani tu. Katika Kanisa letu la Anglikana, hapa Afrika ya Mashariki, tumeliona kwa macho. Janani Luwum alizaliwa mwaka 1922 huko Mucwini, katika nchi ya Waacholi, kaskazini mwa Uganda. Mwaka 1974 akawa Askofu Mkuu wa Uganda, Rwanda, Burundi na Boga-Zaire, wakati Idi Amin alikuwa amekwisha kutawala miaka mitatu. Usiku wa kuamkia tarehe 5 Februari 1977 askari walivamia nyumba yake wakidai wanatafuta silaha. Maaskofu wakamwandikia Rais barua ya kulalamikia uonevu na mauaji yaliyokuwa yakitendeka nchini. Tarehe 16 Februari wakaitwa Nile Mansions, Kampala. Wengine wakaambiwa waende zao. Askofu Mkuu akazuiliwa. Kesho yake serikali ikatangaza ya kwamba yeye na mawaziri wawili, Erinayo Oryema na Charles Oboth-Ofumbi, wamekufa katika ajali ya gari. Mwili ulipofikishwa Mucwini, watu waliona majeraha ya risasi. Kule Namirembe kaburi lilikuwa limechimbwa karibu na la Askofu James Hannington, aliyeuawa Busoga mwaka 1885, nalo likabaki tupu.

Ajali! Neno hilo lilitumiwa ili mkono wa mwuaji usionekane. Na hapo ndipo tulipojiona sisi wenyewe. Kwa maana kuna njia mbili za kumficha mwenye kosa: moja ni kusema "ni ajali tu," na ya pili ni kusema "ni mapenzi ya Mungu." Serikali ile ilitumia ya kwanza. Sisi, katika msiba wa kijana wetu, tulitumia zote mbili kwa siku moja.

Mtu aweza kutupinga hapa, na apinge vizuri. Wenzake walisimulia ya kwamba Luwum, alipokuwa akitengwa nao siku ile, aliwaambia anauona mkono wa Bwana katika jambo hilo. Je, si yale yale tunayoyakataa? Tumelifikiri sana swali hili. Twaona ya kwamba kuna tofauti kubwa kati ya mtu anayeuona mkono wa Mungu katika njia yake mwenyewe ya mateso, na mtu aliyesimama pembeni anayemwambia mwenzake auone. Yusufu aliwaambia ndugu zake ya kwamba Mungu aliligeuza tendo lao kuwa jema (Mwanzo 50:20). Ni Yusufu aliyesema, baada ya miaka mingi na machozi mengi. Na katika mstari ule ule hakuacha kusema ya kwamba wao walikusudia mabaya. Hebu fikirini kama ndugu zake ndio wangalimwambia maneno hayo alipokuwa shimoni! Luwum alikuwa na haki ya kusema. Amin hakuwa nayo, wala sisi hatunayo mbele ya mama wa mwingine.

Siku zile zile Askofu Festo Kivengere wa Kigezi, akiwa pamoja na mkewe, alivuka milima kwa miguu akaingia Rwanda, akaishi mpaka mwaka 1988. Mwaka ule ule wa 1977 alitoa kitabu, akakipa jina linalosema ya kwamba anampenda Idi Amin, na watu wengi walishangaa. Basi Kanisa la Uganda lilikuwa na Yakobo wake na Petro wake katika mwezi mmoja. Mtu akisema Mungu alimpenda Festo kuliko Janani, mawe ya Mucwini yatapiga kelele. Na Petro naye hakufunguliwa milele. Bwana alikwisha kumwambia atakufa kifo cha namna gani (Yohana 21:18). Malaika alimpa muda, na kazi ya kufanya katika muda huo.

Neno fupi juu ya wenye hatia, kwa kuwa wako watakaosoma mpaka mstari wa 23 na kusema, "Herode aliadhibiwa!" Ndiyo, malaika wa Bwana alimpiga akafa. Kwa Yakobo malaika huyo alikuja kwa kuchelewa. Amin alishindwa vitani mwaka 1979, akafa mwaka 2003 huko Saudia, kitandani hospitalini, tena tarehe 16, ya mwezi wa Agosti. Anayetaka kutengeneza kanuni kutokana na vifo hivi viwili, na ajaribu.

Basi mama, jibu letu ni hili. Ni kweli ya kwamba kazi ya Mungu haina makosa, lakini ile haikuwa kazi ya Mungu. Ilikuwa kazi ya mtu aliyekunywa pombe akashika usukani, na ya mwingine aliyejua habari za breki akanyamaza. Yule uliyemwomba amlinde mwanao hakumwua. Mwombe yeye yule. Ukitaka kumlalamikia, mlalamikie. Zaburi zimejaa malalamiko ya namna hiyo, nasi huyasoma kanisani bila kuona haya. Bwana mwenyewe aliomba kikombe kimwondokee (Luka 22:42), na hakikuondolewa.

Limebaki jambo dogo katika hadithi ya Petro. Malaika aliyeweza kuvunja minyororo hakumvika Petro viatu. Alimwambia avae mwenyewe. Wakapita lindo la kwanza na la pili, wakapita njia moja, kisha malaika akaondoka. Lango la chuma lilifunguka lenyewe, lakini mlango wa nyumba ya Mariamu haukufunguka wenyewe. Huo uliachiwa waombaji waliokuwa ndani, nao walimwacha Petro nje akiendelea kubisha huku wakibishana.

Tulipolisoma hilo katika mafundisho ya Jumatano, mzee mmoja alisimama akasema ya kwamba yeye na jirani yake waliliona gari lile likiyumba kabla halijamgonga kijana, ila hawakwenda polisi, kwa sababu mambo ya Mungu hayapelekwi mahakamani. Tulinyamaza kidogo. Siku ya pili yake wote wawili walikwenda wakatoa maelezo yao, na akina mama wa Umoja wamekuwa wakilala kwa zamu nyumbani kwa mama wa marehemu tangu wiki ile.

Siku ya kusikilizwa kwa kesi itatangazwa kanisani baada ya ibada. Watakaomsindikiza mama wakutane mlangoni pa kanisa saa moja kamili asubuhi. Nauli ya mashahidi wawili imekwisha kutolewa. Ya mama bado, na wenye chochote wamwone mtunza hazina.