Dondoo muhimu: Mavazi ya kupanda vilima vya Dodoma

Mwezi wa saba, alfajiri ya Ipagala, Dodoma, ina baridi ya nyuzi 13 au 14. Mchana joto hukaribia 28. Dodoma iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na upepo wake unakata. Ukienda kupanda vilima vya mawe, acha koti zito nyumbani. Vaa fulana, sweta jepesi, kisha koti jembamba la kuzuia upepo.

Anza ukihisi kibaridi. Ukishapanda dakika kumi, fungua zipu hadi kifuani, kunja mikono, vua kofia. Fanya hivyo kabla jasho halijatoka. Hapa ndipo wengi wanapokosea.

Fulana ya pamba hunywa jasho na kukaa nalo. Ukifika kileleni upepo ukiipiga, utatetemeka huku jua linawaka. Jezi ya mpira wa miguu hukauka haraka, hiyo ndiyo uivae ndani. Mgongoni, chini ya begi, ndiko hulowa kwanza: lishushe kila unapopumzika, ila funga zipu ya koti kwanza.

Ukivua sweta, usilifunge kiunoni, litalowa. Liweke begini likiwa kavu, utalihitaji juu.